Nilimnyima Binti Yangu Dawa Ili Apande Namba

Mwalimu mkuu aliniambia Ijumaa kwamba binti yangu hawezi tena kusoma hadithi aliyoisoma mbele ya darasa muhula uliopita. Alimpa kitabu kilekile. Mtoto alitazama picha tu, akamrudishia.

Jina langu lifichwe. Niko na miaka thelathini na miwili, tumepanga nyumba kwenye ploti yenye wapangaji wengi, Kitengela. Binti yetu ana miaka tisa na ana kifafa. Alianza darasa la kwanza mwaka ule elimu ya bure ilipoingia, wakiwa themanini darasani, na vidonge vilimfanya asinzie. Siku ya kufunga shule namba zilisomwa mbele ya wazazi. Yeye alisomwa wa mwisho. Kuna waliocheka.

Muhula uliofuata, wiki ya mitihani, sikumpa vidonge. Alichangamka, akawa namba thelathini. Mume wangu alinunua soda, akasema, "Sasa huyu ni wangu." Sikumwambia habari ya vidonge. Tangu hapo, kila mitihani ikikaribia, vidonge vimeingia chooni.

Muhula huu alianguka mara tatu katika wiki moja ya mitihani. Mara ya tatu ilichukua muda mrefu hadi majirani wa ploti wakaja kunisaidia kumshika. Baada ya hapo maneno yalianza kupotea. Kikombe ni "ile ya chai". Sufuria ni "ile". Watoto wa ploti wanamwita Ile-Ile. Jana alimwita baba yake vizuri, kisha akanigeukia mimi, akanitazama akitafuta neno, hakulipata.

Hospitalini Kajiado, daktari alituuliza kama anameza dawa kila siku. Mume wangu alinitangulia kujibu: "Daktari, huyu mama hajasahau hata siku moja."

Daktari aliandika, akasema basi dawa hii imeshindwa, ataongeza nyingine yenye nguvu zaidi. Alisema inaweza kumfanya mzito zaidi darasani, lakini degedege refu kama lile linaweza kuondoka na maneno yasirudi.

Nikisema ukweli, mume wangu atampeleka mtoto kwa mama mkwe wangu Kakamega. Ametaja jambo hilo mara nyingi. Nikinyamaza, mtoto atameza dawa ya kosa langu.

Mlio na watoto kama huyu, niambieni nianze na nani, daktari au mume wangu? Dawa mpya anaanzishwa Jumanne ijayo, saa mbili asubuhi.