Mashine ya Mwani Ilivyotapika Kutu

Chekeni kabisa mmalize, maana aibu ni yangu na siikatai, ila kinachoniuma ni kubebeshwa peke yangu wakati kikundi kizima cha mwani, na mama yangu humo, kilinipigia makofi.

Kinamama walitaka mashine ya kusagia mwani, wakanituma mie kwa fundi wa kuchomelea pale Mtambile nikachague bati la kuundia pipa lake, eti kwa sababu nasoma kemia (alama zangu hawakuniuliza, nami sikutaka kuwaudhi). Fundi akanionesha mabati mawili ya stenlesi, namba 304 na namba 316, akasema hili la pili ndilo la kazi za chumvi, ila haling'ari sana. Mie nikatoa sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu, nikaiweka huku ikaanguka, nikaiweka kule ikaanguka, nikamwambia haya baba mmoja mama mmoja, tupe linalong'ara. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamjibu kama profesa.

Basi miezi miwili mashine inasaga, ikisuuzwa kwa maji ya pwani (ya bomba twayangoja kama bwana harusi aliyeghairi), na hao watu wazima hakuna hata mmoja aliyechungulia ndani. Siku anakuja mnunuzi kutoka hoteli, anayetaka rojo safi ya mwani ya kutengenezea sabuni, nani akasimamishwa kuhutubia? Nikajigamba chuma hiki hakishiki kutu mpaka Kiyama, nikafungua koki, ikamwagika rojo ya rangi ya chai, na chembe zake, juu ya mkono wa shati jeupe la mgeni.

Bi Time, mwenyekiti, hakunigombeza. Alichungulia pipani, madoa yametapakaa kama tetekuwanga, akanigeukia kwa upole.

"Mwanangu, hicho Kiyama ndo leo?"

Mpaka mgeni alicheka. Akasema atangoja pipa jipya, la 316 safari hii, lakini kila wiki apelekewe rojo safi, akikosa anakwenda kwa wengine. Kwa hiyo inatwangwa kwa kinu, na mtwangaji ni mie, kila Jumamosi, wenzangu wako Gombani kwenye mpira. Nimeapa sitamchagulia mtu chuma tena, hata kijiko.

Sasa kila mmoja anasema yeye alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Nikamuuliza mama, mbona ulipiga makofi? Akaniongezea beseni jingine la mwani.