Barasa Alivyoshika Kiti Changu

Nakumbuka siku moja, mwanangu Halima, ambayo nusu yake nilisimuliwa na watu na nusu nyingine niliikumbuka vibaya. Kaa hapo kitini nikueleze kabla hujaanza kupanga mizigo ya mashindano ya baiskeli ya Jumapili kule Kitale. Vua kwanza hiyo miwani ya jua, hapa ni sebuleni na pazia limefungwa. Haya, kama mwanga unakuumiza iache. Hilo nalo nitalirudia.

Mimi mjomba wako niliwahi kulipwa mshahara kwa kuendesha baiskeli. Si ile ya kubeba abiria na magunia sokoni, ingawa ndiko nilikoanzia. Nilikuwa kwenye timu ya mashindano hapa Bungoma, na mkubwa wetu alikuwa Barasa, mtu wa Bumula. Tulimwita mzee na hakuwa hata na mvi moja, lakini katika kazi ile mtu akikaribia miaka arobaini ni babu. Ndiye aliyenifundisha kula kabla ya kusikia njaa, kujificha upepo nyuma ya wenzangu, na kunyamaza ninapoumia.

Maana kazi yenyewe ni kuumia, wewe unajua. Makalio yanachubuka mpaka mtu anakula chakula chake amesimama. Mvua ya Kitale inakutia ganzi vidoleni na breki unazivuta kwa kukisia. Mwaka mmoja nilimaliza mbio za Malakisi na mfupa wa mtulinga umevunjika, mkono nimeufunga kwa kipande cha tyubu. Watu walishangilia, mama yangu akalia, nami mpumbavu nikaona machozi ya mama ni sehemu ya zawadi.

Na sisi tulikuwa na desturi yetu, ambayo naona hata nyinyi mnayo. Mwenzako akianguka unamwinua, unamkalisha kwenye kiti cha baiskeli, unamsukuma mgongoni arudi barabarani. Humwulizi ameumia wapi. Unauliza kama baiskeli iko sawa.

Basi siku hiyo tulikuwa tunatoka Kitale kuja Bungoma. Walikuwepo wageni waliokuja kuchagua mtu mmoja wa kwenda kushindana ng'ambo, nao walikuwa wanatungoja mwisho wa safari, hapa mjini. Mama yangu alikuwa anafua nguo za watu kule nyuma ya msikiti. Nilikuwa nimemwambia kwamba nikichaguliwa hatafua tena nguo ya mtu. Asubuhi ile nilipanda baiskeli nikiwa na neno hilo moja tu kichwani.

Mvua ilinyesha. Wanasema nilianguka nikavunja kofia ngumu ya kukinga kichwa, nikalala kidogo barabarani, kisha nikaamka mwenyewe na kudai baiskeli yangu. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nimekaa kitini, miguu kwenye pedali, na Barasa yuko nyuma yangu ameshika kiti. Nikangoja anisukume. Hakusukuma.

"Sukuma!" nikamwambia.

"Leo tumetoka wapi?" akaniuliza.

"Tumetoka Bungoma. Sukuma bana, wanatuacha!"

"Na tunaenda wapi?"

Nikamwambia huo si wakati wa utani. Kundi lilikuwa linapotelea mbele na mimi nalitazama. Akakaza mkono. "Sikuachirii, ndugu yangu. Hata ukinipiga sikuachirii."

Nilimpiga, Halima. Niligeuka nikampiga mdomoni, damu ikamtoka, na mkono wake haukutoka kwenye kiti. Akanishikilia hivyo hivyo mpaka gari la timu likafika, wakanibeba kama mtoto na kunipeleka hospitali. Daktari alimwambia mama kwamba damu ilikuwa imevuja ndani ya kichwa. Akamwambia kwamba kama ningeendelea kuendesha, nikaanguka mara ya pili, angekuja kuchukua maiti.

Utadhani nilimshukuru Barasa. Wapi! Nafasi ya ng'ambo ilikwenda kwa kijana mwingine, mama akaendelea kufua, nami nikamchukia Barasa miaka na miaka. Nilizunguka Bungoma nzima nikisema alinishika kwa wivu. Na ushahidi nilikuwa nao. Nilikuwa mzima kabisa, niliwaambia watu, mzima kiasi kwamba nilikuwa nimeshapita Webuye na harufu ya kiwanda cha karatasi niliisikia vizuri. Siku hizo Webuye ulikuwa unainusa kabla ya kuiona. Nilikuwa nimebakiza kipande kidogo tu kufika nyumbani, na mtu mmoja akaninyima. Ningeweza kuapa juu ya harufu ile.

Halafu siku moja tulikutana arusini, kwao Bumula. Nikaisimulia hadithi yangu kwa sauti, makusudi, ili aisikie. Barasa akaweka kikombe chini, akaja akakaa karibu nami. Hakukasirika.

"Ndugu yangu," akasema, "Webuye hatukufika. Ulianguka kwenye mteremko wa Kamukuywa."

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka kitanda nilichoamkia. Kilikuwa Kitale. Mama alipanda basi kutoka hapa akaja kuniona Kitale. Mambo hayo mawili nilikuwa nayajua miaka yote na sikuwahi kuyaweka pamoja. Mtu aliyeangukia ng'ambo ya Webuye, akikaribia kwao, nani atambeba kumrudisha mpaka Kitale? Harufu ile niliyokuwa tayari kuiapia sikuinusa siku hiyo. Kichwa changu kiliitengeneza chenyewe, kikanipa, nikakiamini.

Niliogopa, mwanangu. Kuanguka kwenyewe hakujawahi kunitia hofu kama ile.

"Na wewe?" nikamwuliza baadaye. "Siku ile wale wageni si walikuwa wanakuangalia na wewe?"

"Walikuwa," Barasa akasema. Halafu akaniuliza kama nimeshapakuliwa chakula. Hatukulizungumza tena mpaka tulipomzika.

Sasa nakuja kwako. Juma lililopita ulianguka barabara ya Malakisi. Kofia yako imepasuka na umeisukumia chini ya kitanda, mama yako ameiona alipokuwa anafagia. Jana uliniuliza kama nimekunywa chai, nikakujibu, na kabla sijamaliza kukaa ukaniuliza tena. Na leo umevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Ukaniambia, "Mjomba, niko fiti bana. Usiambie kocha. Si ni Jumapili tu, halafu nitapumzika." Najua Jumapili wanachagua timu. Najua umeamka alfajiri mwaka mzima kwa ajili ya siku hiyo, na mimi ndiye niliyekuwa nakufungulia lango. Usidhani jambo hili halinichomi.

Nasaha yangu ni hii. Goti likiuma, mguu ukikaza, kiti kikikutoa ngozi, hayo ni yako. Yapime mwenyewe na uamue, mimi sitaingilia. Lakini kichwa kikigongwa, usikiulize chenyewe kama kiko sawa. Kitakujibu ndiyo, tena kwa sauti yako mwenyewe, na kitakupa mpaka harufu ya mji ambao hujafika. Waulize walio karibu nawe, na wakikuambia shuka, shuka. Na siku mwenzako akianguka mbele yako, kabla hujaweka mkono mgongoni mwake, mwulize ametoka wapi.

Kocha wako nimempigia asubuhi hii, ulipokuwa umelala. Jumapili huendi Kitale. Kesho mimi na wewe tunakwenda hospitali.

Ndiyo, lia. Nitukane kama unataka, Barasa alipata zaidi ya matusi. Nimeshika kiti chako, mwanangu, na siachii. Mwenyezi Mungu akiponye kichwa chako, akurudishe barabarani ukiwa mzima, na akupe umri mrefu, mrefu sana, wa kunikasirikia.