Chungu cha Magokoro na Sufuria ya Mama

Enzi zetu, sufuria ilikuwa mgeni. Mtaniuliza enzi zipi, nami bado naamshwa na kengele ya bweni na kidevuni sina hata unywele mmoja wa kujivunia. Lakini mdogo wangu Nyakundi, aliye darasa la pili, anaamini sufuria zilikuwapo tangu Edeni, kwa hiyo mbele yake mimi ni mzee, na wazee kazi yao ni kukumbuka.

Kilichonikumbusha ni mwalimu wetu wa sayansi. Juzi aliandika ubaoni, "Linganisheni chuma na alumini," akakaa, akafumba macho kama kawaida yake baada ya chakula cha mchana. Wenzangu wakapiga mstari katikati ya karatasi, chuma huku, alumini kule. Mimi nikatazama nje. Ukungu ulikuwa unapanda polepole kutoka bondeni, ukipenya kwenye migomba, na kabla sijaandika neno nilikuwa nimeshafika nyumbani Kiogoro, jikoni kwa Magokoro.

Magokoro ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake baba. Alikuwa na chungu cha chuma chenye miguu mitatu na tumbo kubwa kama la karani. Babu alikibeba kichwani kutoka Kisumu, alikokuwa akijenga reli, na Magokoro alisema ndiyo sababu ya shingo fupi katika ukoo wetu. Kilikuwa cheusi, weusi wa kung'aa, kama ngozi ya mtu aliyeoga akajipaka mafuta. Na kweli kilipakwa. Kila jioni Magokoro alikikausha juu ya makaa, akachota samli kidogo kwa kidole, akakisugua ndani na nje huku akikisemesha maneno ambayo sisi wajukuu hatukuwahi kuambiwa. Ukikigonga kilitoa sauti nzito, ya chini, iliyokaa hewani kama mtu anayewaza jibu.

Mimi na dada yangu Kemunto ndio tuliokipeleka mtoni. Tulipitisha mti kwenye mkono wa chungu, mmoja mbele mmoja nyuma, tukateremka asubuhi nyasi zikiwa bado zina umande, maji yakinguruma huko chini kwenye ukungu kama ng'ombe asiyeonekana. Tulikisugua kwa mchanga hadi vidole vikakunjamana. Kupanda ndiyo ilikuwa kazi. Kemunto alikaa nyuma akiniita punda, nami nikijifanya kuteleza ili uzito wote umrudie. Watoto wa leo wakitumwa kikombe cha maji wanashika kiuno.

Basi mwaka mmoja, vita vya pili vya dunia vikiwa vimekwisha, Magokoro alikwenda Magwagwa kumtazama shangazi yetu aliyekuwa amejifungua. Akakaa. Chungu kikaoshwa kikaachwa na maji yake, maana mama alikuwa na mtama wa kupalilia na sisi tulikuwa na migomba ya kuangusha na kuteleza juu ya magogo yake. Sabato iliyofuata, mzee wa kanisa alipita akitoka kutembelea wagonjwa, akaomba maji ya kunywa. Mama alikuwa ameyachemsha siku moja kabla, kwenye chungu hichohicho. Akammiminia. Mzee akatazama kikombe, akamtazama mama, akatazama kikombe tena.

"Mama Kemunto," akasema, "haya ni maji au ni udongo wa mfinyanzi?"

Yalikuwa mekundu. Chungu kilikuwa kimeshika kutu tumboni kote, na ukipitisha kidole kinatoka kama umeshika tope la barabara ya Mosocho. Mama aliona aibu hadi akakosa pa kuweka mikono. Siku ya soko ilipofika alijitwika maharage akaenda mjini Kisii, nasi tukimfuata, hadi duka la Mama Zaituni, Mwislamu mmoja mnene, mcheshi, aliyeuza vyombo akiwa ameketi katikati yake kama malkia.

"Njoo, dada yangu, njoo," akasema, akaitoa sufuria na kuizungusha juani hadi tukafumba macho. "Shika. Nyepesi au si nyepesi?"

"Nyepesi," mama akakiri.

"Hii ni alumini. Ikae kwenye maji, ikae kwenye mvua, uizike ukitaka, haijui kutu. Chuma ni mume mlalamishi, lazima umpakepake. Hii inajitunza."

Ikaja nyumbani. Loo, ile sufuria! Kemunto aliibeba kwa kidole kimoja, akicheza. Tulijitazama ndani yake, tukaona pua zetu zimekuwa pana kama ndizi mbili, tukaanguka kwa kicheko. Ukiigonga ililia kama kengele ndogo. Ilipata moto upesi sana, hata mara ya kwanza uji ulishika chini kabla mama hajaokota mwiko, wakati chungu cha Magokoro kilichukua muda wake kupata joto, kisha kikalihifadhi kama siri. Mtoni tuliisafisha kwa kupitisha mkono tu, tukabaki na asubuhi nzima ya kuchezea. Sitadanganya, tuliipenda.

Magokoro aliporudi alitazama chungu chake, akalamba kidole, akagusa kutu. Hakugomba. Alikaa nacho hadi giza, anasugua kwa mchanga, anakausha, anapaka.

Baba ndiye aliyeharibu. Alikuwa mtu wa kupenda maendeleo. Mtu akisema kitu ni kipya, kwake ni ushahidi tosha. Mezani akatangaza, "Kule Mosocho kuna mtu ananunua vyuma vya zamani. Wiki ijayo nitampelekea kile chungu. Nyumba moja haina haja ya vyungu viwili."

Magokoro alimaliza tonge lake la wimbi. "Sawa, mwanangu," akasema. "Kikitoka, nami natoka. Magwagwa kuna binti yangu, na jiko lake ni kubwa. Nitakwenda nacho."

"Mama, ni chungu tu."

"Ndiyo. Na mimi ni mzee tu."

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Kemunto alinifinya mguu chini ya meza. Tulikuwa tukilala kwake sisi wawili, mmoja kila upande, mgongo wake ukinukia moshi na samli, na sauti yake ikitusimulia hadi maneno yakageuka ndoto na asubuhi hatukujua tulisikia nini na tuliota nini. Magokoro akiondoka, hayo yote yangeondoka. Siku zile zilizobaki niliichukia ile sufuria, nikaizomea kila ilipong'aa juani.

Ijumaa ikafika. Nyumba ya Wasabato haiwashi moto wa kupika Jumamosi, kila kitu hupikwa Ijumaa kabla jua halijazama. Tena tulikuwa tunamngoja mgeni: mzee wa kanisa, yuleyule wa maji mekundu, alikuwa amealikwa chakula baada ya ibada, na mama alitaka kufuta aibu yake. Akapika chinsaga, ile mboga yetu ya majani machungu, katika sufuria. Na chinsaga bila maji ya majivu hailiki. Mnayakumbuka? Maganda ya ndizi na ya maharage yanachomwa, majivu yanatiwa katika kibuyu chenye matundu, maji yanapita tone kwa tone, yanatoka ya kahawia, yanateleza vidoleni kama sabuni. Tulikuwa tukishindana kuyaonja, na aliyeshinda alilia. Mama aliyatia kwa ukarimu, mboga ilainike vizuri, akafunika, akaiacha hadi kesho.

Magokoro naye, bila kumwambia mtu, alipika chinsaga zake kwenye chungu, kwake. Baba aliona moshi akatikisa kichwa.

Jumamosi tulirudi kutoka kanisani mzee akiwa mbele, ameshiba mahubiri yake mwenyewe. Mama akaingia jikoni. Kisha tukasikia sauti ndogo, fss, fss, kama mtu anayenong'ona ndani ya chombo. Mzee akachungulia. Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinapumua. Povu jeusi lilikuwa likitoka pembeni, likiteremka taratibu.

"Mama Kemunto!" mzee akasema. "Mmepika Sabato?"

"Hapana, mzee! Hakuna moto."

"Hakuna moto, na chakula kinachemka?"

Akainama na suti yake, akashika mafiga moja moja. Yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Akaondoa mkono haraka kuliko ambavyo angeuondoa kwenye moto. Baba akafunua kifuniko. Chinsaga zilikuwa na rangi ya mbingu ya mvua ya mawe, na sufuria, kile kioo chetu, ndani ilikuwa nyeusi na yenye vidonda kama iliyougua ndui.

"Tuombe," mzee akasema, nami naapa hakuwa anabariki chakula.

Mama alikuwa karibu kulia. Hapo Magokoro akaingia, amekumbatia chungu chake kwa mikono miwili, anatembea polepole kwa ule uzito. Akakiweka. Mboga ndani zilikuwa laini, za kijani kibichi cha giza, na vuguvugu la jana, maana alikifukia kwenye majivu ya moto, halikuwa limeisha lote.

"Mokamwana wangu," akamwambia mama, yaani mke wa mwanangu, na kwa upole, nami nikingoja kejeli ambayo haikuja, "pakua kutoka hiki. Mgeni ana njaa."

Mzee alikula sahani tatu na hakuuliza tena. Jumatatu baba alikwenda Mosocho mikono mitupu. Tangu siku ile mboga zikawa za chungu, maziwa na uji vya sufuria, na Magokoro akabaki, mgongo wake katikati yetu.

Sasa naijua sababu. Alumini huvaa nguo nyembamba isiyoonekana, inajishonea yenyewe kwa hewa, na ndiyo maana maji hayaipati. Lakini maji ya majivu huivua ile nguo, halafu yanaula mwili, na zile pumzi chini ya kifuniko zilikuwa haidrojeni. Chuma hakiogopi majivu hata kidogo. Kinachokimaliza ni maji na upweke, maana hakina nguo yake. Nguo yake ni mkono wa mtu.

Hayo ndiyo niliyomwandikia mwalimu; yaliyobaki hayakumhusu, sikuyaandika. Mwaka juzi shangazi aliugua, na Magokoro akahamia Magwagwa kumlea. Hakuna aliyemfukuza. Yeye aliyeapa kuondoka na chungu chake alikiacha jikoni kwa mama, akasema tu, "Kipakeni." Likizo iliyopita nilikikuta nyuma ya nyumba, chekundu kuanzia mdomo hadi miguuni, kuku amelalia mayai ndani yake. Nyakundi akaniambia ni nyumba ya kuku ya zamani sana. Sufuria ile iko mezani, imezibwa tundu, kwa nje inang'aa bado kama siku ya Mama Zaituni. Miaka yote hiyo, na huwezi kuiangalia ukajua kwamba kuna mtu aliondoka.

Nilimwomba kuku radhi. Nikateremka na chungu mtoni, peke yangu safari hii, kifuani, na hapakuwa na wa kuniita punda, Kemunto yuko kwa mumewe. Nilisugua hadi maji yakaacha kuwa mekundu. Jioni nikakikausha juu ya makaa, nikachota samli kwa kidole. Ndipo nilipogundua sijui yale maneno. Nikakisemesha yangu, habari za shule, majina ya walimu, mambo ya kipuuzi.

Mama alisimama mlangoni akinitazama. Baadaye nikasikia tone, kisha tone jingine. Alikuwa ametundika kile kibuyu cha matundu na kumimina maji juu ya majivu.

"Umekaa tu?" akasema. "Nenda kachume chinsaga kabla ukungu haujashuka."