Gemu la Wifi na Sauti ya Maharage

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe kule Chala, akavunjika mguu. Hospitali wakamfunga hogo, ile plasta nyeupe ngumu, kutoka pajani mpaka kisiginoni. Wakasema asikanyage chini mpaka waseme wao. Akikanyaga, mfupa utaunga vibaya na atachechemea mpaka kaburini. Tukamleta nyumbani kwangu hapa Sumbawanga. Majina ya wote nitakaowataja ninayo kichwani, na ya wale ng'ombe wawili pia, lakini siyaandiki. Wengine wapo hai na hawapendi kuchekwa.

Sasa wifi hakuwa mtu wa kulala. Hata wiki haijaisha, nikamkuta amesimama mlangoni kashika ukuta.

"Unakwenda wapi?"

"Naangalia kama mbuzi wenu wamekula."

"Sisi hatuna mbuzi, wifi."

"Ndiyo maana naangalia."

Kilichomlaza ni gemu. Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa, sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tulianza kuona madukani vitu ambavyo hata matumizi yake hatukuyajua. Mtoto wa wifi alikuwa anafuata bidhaa Tunduma, mpakani, akamletea mama yake gemu la mkononi, la kijivu, la betri. Matofali yanashuka kwenye kioo, wewe unayageuza na kuyapanga yasiache pengo. Mimi niliishia darasa la pili, lakini lile halikutaka kusoma. Wifi alilishika asubuhi, mchana akasahau kuuliza chakula, na mguu ukatulia juu ya mto kama si wake. Nami akilala nalichukua. Sikatai.

Tatizo likawa sauti. Kila tofali likigeuka, tii! Mstari ukijaa, tarumbeta. Kitufe chenye alama ya spika tulikibonyeza mpaka kidole kikauma, wapi. Na ilikuwa miezi ya baridi, upepo wa Ufipa unakufuata mpaka ndani ya blanketi. Chumba chenye joto kilikuwa kimoja tu, kile kilichopakana na jiko, na humo wifi alilala pamoja na binti yangu aliyetoka kujifungua na kichanga chake. Tarumbeta ikilia, kichanga kinaruka, kinalia, mama yake naye analia kwa usingizi.

Mume wangu akasimama katikati ya chumba na kofia yake kichwani. "Dada, nakuheshimu. Lakini likimwamsha mtoto tena, linarudi Tunduma."

Alipotoka, wifi akaniambia taratibu, "Wakilichukua hili, mimi naamka. Silali humu nikihesabu mabati."

Nikajua mguu umepotea.

Tukalifunga kwenye kitenge, vitufe havikubonyezeka. Ndipo nikakumbuka vyungu. Kwetu chungu kipya hakipikiwi mboga kabla ya kupikiwa uji. Uji unaingia kwenye vitundu, unaviziba, hakivuji tena. Na spika ya gemu ni vitundu, si ndiyo? Nikapika uji wa ulezi mzito, nikaupaka kwa kidole, nikalianika karibu na jiko. Lilipokauka, wifi akawasha. Sauti imezama! Tulishikana mikono tukacheka kama wasichana wa kisimani.

Kufika alasiri, uji ulikuwa umeingia ndani. Kitufe cha kushoto kikaganda, matofali yote yakaenda kurundikana upande mmoja, na ile sauti ikarudi ikiwa kama ya mwana-mbuzi aliyekanyagwa. Kichanga kikaamka. Mume wangu hakuingia hata chumbani, alisemea uani: "Kesho asubuhi, na basi la kwanza."

Nililifunga gemu kwenye khanga nikatoka hivyo hivyo na mikono ya unga, mbio mpaka Milanzi, humu humu mjini, kwa fundi redio, mtu wa Kipili mwenye maneno mengi. Akalifungua, akanusa.

"Mama, hili umelilisha?"

"Uji wa ulezi."

"Na mboga lilipata?"

"Fundi, nina mgonjwa."

Akalisafisha kwa spiriti na mswaki, kitufe kikaachia. "Basi nikate waya wa spika, liwe bubu, uende zako."

"Hapana. Likiwa bubu atalitupa. Lazima asikie ameshinda. Mimi nataka lilie chini."

"Chini kiasi gani?"

Hapo nikafikiri. Kichanga kile kilikuwa kinalala vizuri kabisa huku chungu kinatokota ukuta wa pili. Mfuniko ukianguka ndipo kinaamka. Nikasema, "Kama maharage yanayochemka."

"Maharage yapi?"

"Ya njano. Yamefunikwa."

Aliweka kichwa mezani akacheka. Kisha akamwaga kopo la vipande vya redio zilizokufa, akachagua kitu kidogo kama punje ya mchele, chenye pete za rangi. Rezista, akasema, ni kama mlango mwembamba, sauti inapita kwa kujibana. Akakata waya mmoja wa spika, akaichomea katikati kwa risasi ya kuyeyusha. Tii.

"Hayo yanafurika," nikasema.

Akaichomoa, akaweka nyingine. Nikategea sikio, kimya.

"Hayo hata hayajabandikwa."

Akaweka ya tatu. Nikafumba macho. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka nikaogopa utaifunika ile sauti. Nikaisikia, tu, tu, tu, kwa mbali, nzito, ya jikoni kwangu.

"Hayo. Usiguse tena."

Nilirudi nusu natembea nusu nakimbia. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kichanga, kama askari. Wifi akalipokea, akacheza. Mstari ukajaa, tarumbeta ikapita. Kichanga kikachezesha mdomo. Kikanyonya hewa, kikaendelea kulala.

"Limewashwa?" mume wangu akauliza.

"Kaka, sogea," wifi akasema bila kuinua macho. "Unanikingia mwanga."

Akalala mpaka siku ya kukatwa hogo. Ule mguu ulikuwa mwembamba na mweupeupe, lakini ulipogusa chini ulifika sawa na mwenzake. Siku alipoacha fimbo alitoka chumbani bila kuchechemea, akaja moja kwa moja jikoni, akafunua chungu changu, akainamisha sikio.

"Wifi," akasema, "punguza. Utamwamsha mtoto."