Kanzu za Ndoto za Wengine

Mimi ni fundi wa nguo, na cherehani yangu iko mlangoni mwa chumba changu hapa mtaa wa Kambi Muru. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikishona ndoto za watu. Jirani yangu, mama wa kutoka upande wa ziwa anayeuza omena, wale dagaa wadogo, mkabala na mlango wangu, anasali katika kanisa moja la mabati kule Kawangware, karibu na steji ya Satellite. Kwao hakuna anayejichagulia nguo ya ibada. Unangoja. Siku moja usingizini unaoneshwa rangi ya kanzu yako, rangi ya msalaba, na mahali msalaba utakapokaa, kifuani au mgongoni. Ukishaoneshwa ndipo unatafuta fundi. Jirani aliwaelekeza waumini wenzake kwangu, na tangu hapo wateja hawajakatika.

Wanakuja na vitambaa vyao wakisema, "Fundi, nimeoneshwa," kama mtu anayesema amepata kazi ya kudumu. Nachukua vipimo, nauliza kola iwe vipi, na moyoni naungua. Mimi nilizaliwa ndani ya kanisa, huko kwetu Kitui. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Nilibatizwa, nikaimba kwaya, nikafundisha watoto wa Jumapili. Mungu wetu aliongea kupitia kwa kitabu na kwa mhubiri, na baada ya matangazo tulienda nyumbani kula. Hakuna siku alinitafuta mimi mwenyewe. Halafu mwanamke anayegombana na wateja juu ya mkebe wa omena, analala tu, anaoneshwa!

Namwonea wivu. Nasema wazi, maana nimechoka kuuita huo wivu uchovu, au malaria. Nikimsikia asubuhi akiimba huku akianika samaki wake, nakanyaga cherehani kwa nguvu zote ili nisisikie. Sikuwa nataka miujiza. Nilitaka kujua kama kuna mtu upande ule mwingine, na kama yupo, kama ananijua.

Nilijaribu kila njia. Nilienda kanisa la mtaa wa Olympic lenye kinanda na spika kubwa, nikainua mikono. Wenzangu walilia. Mimi nilibaki nikiangalia koti la mhubiri, ambalo lilikuwa limeshonwa vibaya begani. Nilifunga kula. Nililala na Biblia chini ya mto mpaka shingo ikakakamaa. Mara moja niliamka nimefurahi kwamba hatimaye nimeota, kisha nikakumbuka nimeota zipu imekwama kwenye sketi ya mteja.

Ndipo jirani alipokuja asubuhi moja, mikono bado inanuka omena, amejaa furaha hadi machoni.

"Fundi! Aki nimekuota. Umevaa kanzu nyeupe, msalaba wa blu uko hapa kwa mgongo. Ni wewe kabisa."

"Mimi?"

"Wewe. So ushone, usikae nayo. Mtu akioneshwa hakai nayo."

"Lakini si mimi nimeoneshwa. Ni wewe."

Akacheka. "Labda Mungu alipita kwako akapata unakoroma."

Nilicheka naye kwa mdomo tu. Alipotoka nilirusha mkasi sakafuni. Hata ndoto yangu mwenyewe ilikuwa imepelekwa mlango wa jirani! Kama ananijua mpaka mgongo wangu, kwa nini asiniambie mimi?

Kanzu niliishona. Niliishona kwa hasira na ikatoka nzuri kuliko zote nilizowahi kushona, mishono imenyooka, msalaba umekaa katikati. Kadiri nilivyoishona ndivyo nilivyoipata hila yangu. Katika kanisa lao, kabla hujavaa kanzu, unasimama mbele ya wote na kueleza ulichooneshwa, kisha mama mzee anayeliongoza anaiombea. Nami ningesimama. Ningeieleza ndoto ya jirani kama yangu. Si ilinihusu? Nilikuwa nimeshaiongezea hata mwanga kidogo na sauti ya maji.

Jumamosi yao ya ibada tukaenda pamoja, yeye amevaa yake ya kijani, mimi yangu nimeikunja kwapani. Ngoma zilipotulia niliitwa mbele. Mama mzee aliishika kanzu, akaupapasa msalaba wake, akanitazama.

"Haya, mama. Umeoneshwa nini?"

Neno la kwanza lilikuwa tayari mdomoni. Nikamwona jirani kwenye mkeka wa kina mama. Alikuwa anajua vizuri ni nani aliyeota, na bado alikuwa akinitikisia kichwa kukubali, taratibu, kama unavyomtia moyo mtoto asisahau shairi lake. Alikuwa tayari kunipa ndoto yake. Alikuwa nazo nyingi, hii moja haingempunguzia kitu.

"Sijaoneshwa kitu," nikasema. "Ni huyu ameona. Kila saa ni huyu! Mimi nawashonea nyinyi wote, na mimi Mungu hajawahi kuniambia hata neno moja. Kwani mimi nina nini?"

Kina mama waliguna. Jirani alijifunika mdomo kwa leso. Nilingoja nifukuzwe, na kusema kweli ningefurahi.

Mama mzee hakukasirika. Alinirudishia kanzu yangu ikiwa imekunjwa.

"Hayo umetuambia sisi," akasema. "Yeye umemwambia?"

Nilitaka kumjibu kwamba nimeomba maisha yangu yote. Nikatafuta ombi moja la kumwonesha. Nikapata nyimbo za kwaya, sala za mezani na maneno ya baba. Hili la wivu sikuwa nimewahi kumpelekea Mungu. Nilidhani si la kupelekwa kwake.

Nikapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya udongo, na gauni langu la kawaida. Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kikamba, kwa sauti, kwamba amenipita, kwamba ana upendeleo, kwamba nimemngoja mpaka nimechoka na yeye anakwenda kukaa na muuza omena. Sikusikia jibu lolote. Machozi yalinitoka, na kamasi pia.

Jirani alikuwa amekuja kupiga magoti kando yangu bila mimi kujua. Niliponyamaza kuvuta pumzi, akasema, "Amina."

Hata amina aliiwahi yeye. Nikamwambia anyamaze, bado sijamaliza.