Kiti Alichokikataa Verna Kjelstad

Verna Kjelstad amekuwa mpishi wa shule ya mji wetu wa Vangstad tangu nywele zake zilipokuwa za rangi ya ngano, na katika miaka yote hiyo sikupata kumsikia akisema kwamba anahitaji kitu. Ukimkuta amejitwika gunia la viazi ukamwuliza kama ni zito, atakujibu kwamba si baya sana. Mwaka ule theluji ilipoporomosha paa la zizi lao, naye Orrin mumewe yu kitandani na homa ya mapafu, tulimwuliza kanisani habari za nyumbani, akasema mambo yangeweza kuwa mabaya zaidi.

Ndivyo tulivyo huku kaskazini mwa Minnesota. Mtu akikukaribisha kahawa, unakataa. Akikukaribisha tena, unamwambia asijisumbue. Akirudia mara ya tatu, unasema, "Haya, kidogo tu, kama ipo tayari," na hapo kikombe hujazwa hadi ukingoni na sahani ya keki hufuata. Hatukufundishwa na mwalimu yeyote, hata sisi tuliosomeshwa shule ya kanisa na kuchapwa kwa mambo mengine yote. Tuliyanyonya haya pamoja na maziwa. Anayeitikia mara ya kwanza huitwa mlafi, na asiyerudia mara ya tatu huitwa mchoyo. Ni desturi nzuri, nami naipenda hata leo, mradi pande zote mbili ziwe zinaijua.

Lynae, binti yake Verna, alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Tilda. Nyonga za mtoto huyo hazikukaa mahali pake. Alipokuwa amekwisha kujifunza kucheka, madaktari wa hospitali ya watoto kule mjini, mwendo wa nusu siku kwa gari kutoka kwetu, walimpasua wakazirudisha nyonga zile, kisha wakamfunga hogo, ile plasta ngumu, kutoka kifuani hadi vifundoni, miguu imetanuliwa kama ya chura anayejiandaa kuruka. Upasuaji ulikwenda vyema. Mtoto alinyonya, akapiga kelele, akavuta nywele za manesi. Daktari akasema, mpelekeni nyumbani.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mtoto haruhusiwi kutoka hospitalini kwa gari mpaka awe amefungwa mikanda katika kiti kinachomfaa, na viti vya watoto hutengenezwa kwa ajili ya watoto wenye kuweza kuikutanisha miguu. Kiti alichokinunua Lynae kabla ya kujifungua kilikuwa na kuta ndefu pande zote mbili, na Tilda hakuingia ndani yake kamwe, kama vile mwavuli uliofunguliwa usivyoweza kuingia katika mfuko wake.

Hospitalini palikuwa na mama mmoja mwenye kusimamia viti maalumu vya kuazima. Aliitwa Desirée Fontenot, mwenyeji wa Louisiana, kule kusini kabisa ambako watu hucheka kwa sauti na neno lao huwa ni lilo hilo walilolisema. Aliingia chumbani uso umemchangamka.

"Mama, leo mna bahati!" alimwambia Verna. "Ninacho kiti kimoja, kipana, kuta zake fupi, kama kilishonwa kwa ajili ya huyu mrembo. Mnakitaka?"

Lynae alikuwa bafuni, anaoga. Verna akajibu kama alivyolelewa.

"Aa, hapana, usijisumbue kwa ajili yetu. Wapo wenye shida kutuzidi."

"Una hakika, mama?"

"Sisi tutajikokota tu, usijali."

"Haya basi, sawa," akasema Bi Fontenot. Akambusu Tilda kwenye paji la uso, akatoka.

Verna alikunja blanketi, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akaketi kuelekea mlangoni, mikono mapajani, akingojea mara ya tatu. Lynae alimkuta vivyo hivyo.

"Yule mama wa viti amepita?"

"Amepita. Kiti anacho."

"Mungu wangu, asante! Kiko wapi?"

"Atarudi nacho."

"Ameenda kukichukua?"

"Hapana. Amekitaja mara mbili tu, Lynae. Atarudi."

Lynae alimtazama mama yake, maji yakimchuruzika shingoni. "Mama," akasema polepole, "yule mtu ni wa Louisiana."

Alikimbia ukumbini na taulo kichwani, akafika kwenye lifti milango ikijifunga. Ndani alimwona baba mmoja asiyemjua amekikumbatia kiti kipana, anatabasamu. Bi Fontenot, aliyekuwa amesimama nje ya lifti, alijishika mashavu kwa mikono miwili. "Lakini mama yako mwenyewe kaniambia hamkitaki! Nilimwuliza mpaka nikarudia!"

Siwezi kumlaumu yule mama. Aliuliza, akajibiwa. Wala siwezi kumlaumu Verna bila kuulaumu mji mzima.

Orrin akaitwa. Alimpima mtoto mapaja kwa kipande cha kamba, akafunga fundo mahali upana ulipoishia, akaingia madukani na kamba yake mfukoni. Katika duka moja kubwa muuzaji alimpangia viti kaunta nzima.

"Hiki, mzee, kinamfaa mtoto yeyote yule."

Orrin alinyoosha kamba juu ya kiti. Ikapita huku na huku.

"Mtoto gani ana upana huo?" akauliza muuzaji.

"Wangu."

"Labda mpunguzieni maziwa."

Orrin alitoka bila kumjibu, jambo ambalo kwa mtu wa kwetu ni matusi makubwa. Duka la pili walimwambia kiti cha namna hiyo huagizwa, na kufika kwake hakuna ajuaye. Duka la tatu walimwonyesha kigari cha mbwa. Mwishowe alinunua kiti cha kawaida, akakipeleka karakanani kwake Vangstad, akazikata kuta zote mbili kwa msumeno, akazipiga msasa hadi zikawa laini kama kijiko cha mti. Akakipeleka kituo cha zimamoto, maana hao ndio wanaokagua viti vya watoto.

Ofisa mnene wa zimamoto alikigeuzageuza. "Nani amekitafuna hiki?"

"Mimi."

"Mzee wangu, hizo kuta ndizo zilizokuwa zikishikilia mikanda. Hiki sasa ni kiti cha paka."

"Wakati wetu hapakuwa na mambo haya," Orrin akasema, naye uvumilivu unamwishia. "Mke wangu alipozaliwa aliletwa nyumbani kutoka hospitalini ndani ya kikapu cha nguo, sakafuni mwa lori la maziwa, na yu hai mpaka leo."

"Na wale ambao hawakufika?"

Wapo, tunawajua majina. Mmoja amelala nyuma ya kanisa letu. Nalikumbuka lile lori, na harufu yake ya maziwa yaliyochacha, na jinsi tulivyokuwa tukilidandia tukishuka kilimani. Nyakati zile nazikumbuka kwa upendo, lakini singemlaza mtoto ndani yake.

Kule mjini Lynae alikuwa akilala kwenye kiti cha hospitali, shingo imempinda. Kila asubuhi nesi humwuliza, "Leo mnaondoka, dada?" naye hujibu kwamba bado kidogo. Ndipo Bi Fontenot alipomjia na habari mpya. Kiti cha pili cha aina ileile kilikuwapo, tena huko huko Vangstad, kwa watu ambao mtoto wao alifunguliwa hogo zamani, lakini kiti hawajakirudisha. Kuwataja haruhusiwi. Amewaachia ujumbe kwenye simu mara mbili, hawajibu.

Lynae akampigia simu mama yake, aliyekuwa amerudi Vangstad.

"Mama, itabidi uulize."

"Nimwulize nani?"

"Wote! Jumapili, wakati wa kahawa. Simama useme."

"Nitamnong'oneza mchungaji, naye labda..."

"Mama! Usimnong'oneze mtu! Tilda ameshaizoea dari ya hospitali, akidhani ndiyo mbingu! Simama useme!"

Nilikuwapo Jumapili ile, chini ya kanisa, kwenye chumba chetu cha kahawa. Verna alimimina vikombe vya watu wote. Akapitisha sahani za keki. Akafuta meza iliyokuwa safi. Orrin akamtazama tu. Hatimaye aliiweka birika chini, akasimama wima, shingo yote nyekundu.

"Samahani kwa kuwakatiza," akasema. "Mjukuu wangu amefungwa hogo, hana kiti cha kumleta nyumbani. Mmoja wenu anacho. Nakihitaji."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini jinsi watu walivyoinamia vikombe vyao, ungedhani Verna amevua nguo mbele ya kadamnasi. Kijiko kikagonga sahani. Alikuwa Agda Bruheim, ambaye huketi benchi la nyuma ya Verna, wakivuta hewa moja kila Jumapili tangu usichana wao.

"Ni kile cha bluu?" Agda akauliza. "Kipana?"

"Agda! Unacho wewe?"

"Kipo ghalani, nimekifunika shuka. Kilikuwa cha Espen, yule mjukuu wangu. Naye alifungwa hogo mwaka jana."

"Mwaka jana nilikuuliza habari za Espen, ukaniambia hajambo!"

"Si alikuwa hajambo? Hogo tu."

"Na hospitali walipokupigia simu?"

"Nilisikia ujumbe wao. Yule mama alisema, 'Mkipata nafasi.' Nikaona nisimsumbue, ana wagonjwa. Kama wanakitaka kweli, watarudia."

"Wamekupigia mara ngapi, Agda?"

Agda alitazama kahawa yake. "Mara mbili."

Orrin aliweka uma chini akajifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Nitakuletea mwenyewe," Agda akasema upesi. "Lakini kaa kwanza, Verna, hujatia hata tone mdomoni. Nikumiminie?"

"Sitaki kahawa," akasema Verna. "Nataka kiti. Sasa hivi."

Neno *nataka* sikulisikia kinywani mwake kabla ya siku hiyo. Agda aliinuka bila koti, akatoka na funguo mkononi, nasi tukamsikia akiteleza kwenye barafu ya ngazi na kusema kwamba hakuumia.

Kesho yake, kule hospitalini, Bi Fontenot alikikagua kiti kile juu na chini, akakifunga kwenye gari la Lynae, akakikandamiza kwa goti na kukitikisa, kikakataa kuyumba. Tilda akawekwa, miguu yake ya chura ikatua juu ya zile kuta fupi, mikanda ikapita pale inapopasa. Kifungo kikalia. Lynae alikibonyeza tena ili akisikie kikilia mara ya pili, akaegemea mlango wa gari, akalia kidogo.

Kando yao palikuwa na mabegi, na furushi la blanketi, na mfuko wa nepi mkubwa kama mto wa kulalia.

"Mama, nikusaidie mizigo?" akauliza Bi Fontenot.

"Aa, hapana, usijisu..."

Lynae akakohoa.

Verna alifumba kinywa, akayatazama mabegi, akamtazama mtoto. "Ndiyo," akasema. "Chukua lile zito."