Siku Viatu vya Naftali Vilipooshwa

Siku tuliyomzika mume wangu, Naftali Sumari, msemaji mmoja kutoka kazini kwake alisimama akasema kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, ila alipenda viatu kuliko watu. Waombolezaji wakacheka kwa staha, kama watu wanavyocheka msibani. Mimi sikucheka. Nilinyamaza kwa sababu mjane hajibizani na wageni mbele ya jeneza. Lakini maneno ya msibani hudumu midomoni mwa watu kuliko mahubiri, na wajukuu zangu watakuja kuyasikia. Kwa hiyo naandika niliyoyaona kwa macho yangu.

Kwamba alipenda viatu, ni kweli. Sitaanza kwa kukana.

Naftali alizaliwa Akheri, juu ya Tengeru, kwenye shamba la kahawa na migomba. Hadi anafikia kipaimara hakuwa amewahi kuvaa kiatu. Siku hiyo aliazimwa viatu vya baba yake mdogo, vikubwa kupita miguu yake, na mama yake akavijaza majani makavu ya mgomba kwenye ncha. Alipokuwa akienda madhabahuni majani yakawa yanalia kwa kila hatua, na wasichana wa benchi la mbele wakaziba midomo kwa viganja. Nawajua wasichana hao. Mmoja wao nilikuwa mimi.

Baadaye aliajiriwa na chama cha ushirika, kazi yake kupokea kahawa ya wakulima na kuipanga kwa madaraja. Ni kazi ya macho na pua, na kwa pua hiyohiyo alishuka sokoni Tengeru kila Jumamosi, kwenye maturubai ya viatu vya mtumba. Wanunuzi wengine hutazama rangi kwanza. Yeye alianza kwa kukipindua kiatu. Alitazama kama soli imeshonwa au imegundishwa tu, akakikunja kidogo katikati aone makunyanzi yanavyokaa, akagonga kisigino kwa ukucha, mwisho akaingiza pua ndani.

"Mzee Sumari, hicho ni kiatu, siyo chungu cha makande!" wauzaji walimtania.

"Ngozi haimdanganyi mwenye pua," alijibu. "Macho ndiyo mnayoyadanganya kila siku."

Alivitunza kwa utaratibu usiobadilika. Jumamosi alasiri alitandika gazeti barazani, akavua kamba zote, akapangusa vumbi kwa brashi kavu, kisha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Dawa ya viatu aliipaka kwa kipande cha fulana kuukuu kilichozungushwa kwenye vidole viwili, kwa miduara midogo, akaiacha itulie kama unavyouacha unga uliokandwa. Ndipo akashika brashi laini. Ndani ya kila kiatu aliweka kibao cha mtarakwa alichochongesha kwa seremala wa Usa River, ili kiatu kisipoteze umbo na kibaki na harufu ya msitu. Hakuvaa jozi moja siku mbili mfululizo. Alisema kiatu nacho kinahitaji kupumua. Na kwa kuwa kuku wetu hawakuheshimu kazi yake, viatu vilivyong'arishwa aliviweka juu ya kiti cha barazani mpaka vikauke. Wapita njia wakaona kiti hicho. Maneno yakaanzia hapo.

Alipokaribia kustaafu alikiona kiatu cha maisha yake katika duka moja mjini, si mbali na Mnara wa Saa. Kilikuwa cha kahawia iliyokolea, cha kamba, soli ya ngozi iliyoshonwa kwa mkono. Alikwenda kukitazama kwa mwaka mzima. Mwenye duka, Romanus, hakumchoka.

"Mzee, umekuja kuwasalimia?"

"Hawajambo?"

"Hawajambo, ila wanakuulizia. Jana nusura waondoke na mbunge."

"Mbunge ana miguu mipana. Wangeteseka."

Alipostaafu alivinunua. Sijamwona mwanamume akitoka dukani kimya namna ile, amebeba boksi kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Godwin, mwanetu wa mwisho, alikuwa amempenda binti wa Kiarusha aitwaye Nalepo, mshonaji wa sare za shule, ambaye kwao ni juu ya Olmotonyi, upande wa magharibi wa mlima. Sisi ni Wameru, wao ni Waarusha. Tunasali kanisa moja la Kilutheri, lakini wazee wa pande zote mbili hawajasahau kila kitu. Tulipeleka posa mara ya kwanza, na baba wa binti, mzee Lemburis, akajibu, "Nendeni, tutawapelekea jibu." Jibu halikuja. Katika ukoo wetu, mtu aliyerudishwa mara mbili kwenye nyumba moja haendi mara ya tatu, maana atakuwa ameligeuza jina la baba zake kuwa la ombaomba. Godwin alikuwa amekwisha kuniambia kwamba hataoa mwingine. Kwa hiyo tulipopanda gari mwezi wa tano mwaka 2019, katikati ya masika, tulijua hiyo ndiyo safari ya mwisho.

Gari likakwama kwenye utelezi kabla ya kufika. Nilimsihi mume wangu avae mabuti ya mpira, tulikuwa nayo nyuma ya gari.

"Siendi kuposa na mabuti," akasema. Akatembea kwenye tope na viatu vya Romanus, akichagua pa kukanyaga. Tulipofika tukavua viatu barazani, tukaingia.

Msemaji wetu alikuwa Aminieli, kaka wa mume wangu. Alisema vizuri, kwa mafumbo na kwa heshima. Lemburis, mfugaji mrefu mwenye sauti ya chini, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Naftali.

"Nina swali moja, na sitalizungusha. Nasikia kwa Sumari kiatu kinakalia kiti na mgeni anakalia kigoda. Ni kweli?"

"Hayo ni maneno ya sokoni, mzee mwenzangu," Aminieli akadakia.

"Sikukuuliza wewe. Namuuliza mwenye viatu."

Naftali akasema, "Kiti ni kweli. Kigoda si kweli."

Kuna waliocheka. Lemburis hakucheka. "Binti yangu atakuja kwenu. Atavunja kikombe, ataunguza ugali, kwa sababu ni mtu. Wewe unayekiinua kiatu hivyo, mtoto wa mwenzio utamweka wapi?"

Nilimtazama mume wangu, nikimwomba moyoni aseme neno tamu. Alikuwa mgumu wa maneno matamu.

"Mtu aliyekuja kuomba anaweza kuahidi chochote," akasema. "Kwa hiyo siahidi. Nimekuja mwenyewe, unitazame."

 Lemburis akasimama. "Tumewasikia. Nendeni, tutawapelekea jibu."

Yalikuwa maneno yaleyale. Godwin aliinamisha kichwa. Tukanyanyuka, tukaaga, tukatoka barazani, na pale tukamkuta Nalepo akitoka jikoni mbio, ameshika viatu vya mume wangu.

Lazima nieleze, ili asilaumiwe. Katika boma lile kila kiatu kilioshwa: mabuti, makatambuga ya tairi, raba za shule. Mgeni akija na matope, kumwoshea viatu ni heshima, na kumwoshea baba mkwe ni heshima kubwa kuliko zote. Binti alikuwa ameviloweka kwenye beseni la maji ya sabuni, akavisugua kwa brashi ya nguo nje na ndani, kisha akaviweka juu ya mafiga ili vikauke haraka. Vilikuwa vinatoa mvuke. Rangi ya kahawia ilikuwa imegeuka ya majivu, ncha zimejikunja juu kama ganda la ndizi lililopigwa na jua, na kwenye mshono povu lilikuwa limeganda jeupe.

"Shikamoo, baba," Nalepo akasema, akihema. "Nimekuoshea. Vilikuwa na tope jingi, nimevisugua mpaka ndani." Akamkabidhi, kisha akainamisha kichwa mbele yake, kama vijana wa kwao wanavyofanya, akingoja mkono wa mzee.

Godwin alifumba macho. Aminieli akakohoa. Lemburis alikuwa amesimama mlangoni nyuma yetu. Ameishi na ng'ombe na ngozi zao maisha yake yote. Anajua moto unavyoifanya ngozi. Alivitazama vile viatu, akaelewa, na hakumwokoa mtu. Alimtazama Naftali.

Kichwa cha binti kilikuwa bado kimeinama. Mikono yote miwili ya mume wangu ilikuwa imeshika viatu. Kisha akavihamishia vyote mkono wa kushoto, akaweka wa kulia juu ya kichwa cha Nalepo, akauacha hapo kidogo zaidi ya desturi.

"Marahaba, mwanangu. Nina miaka sitini na miwili, na siku zote nimevitunza viatu vyangu mwenyewe. Wewe ni wa kwanza kunisaidia. Mungu akubariki."

Mama wa binti, ambaye hakuwa ameona lolote baya, akapiga vigelegele. Naftali akaketi kwenye ngazi, akavivaa. Vilikuwa vimesinyaa, mguu uligoma kuingia. Nalepo akapiga magoti akamsukumia kisigino, akamfunga kamba. Mume wangu alimwacha afunge.

"Vinakutosha, baba?"

"Vimeshika mguu barabara," akajibu, na katika hilo hakusema uongo.

Akasimama. Akapiga hatua mbili, maji yakalia ndani ya soksi. Nilimwona anavyokaza taya.

"Baba Godwin," Lemburis akaita. Hadi wakati ule alikuwa akimwita Sumari tu. "Hujanywa chai."

"Nimekunywa, mzee mwenzangu. Ahsante."

"Ile ilikuwa ya wageni. Rudini ndani."

Naftali akainama kwenye kizingiti ili avue tena. Lemburis akamshika kiwiko. "Ingia navyo," akasema.

Tukarudi ndani. Kabla jua halijazama Nalepo alikuwa ameulizwa mbele ya wazee kama anawafahamu watu hawa, naye akajibu kwamba anawafahamu, na blanketi tulilomletea bibi yake likapokelewa, maana yake posa imekubaliwa.

Njiani kurudi tukavuka mto Themi. Naftali alikuwa amevua viatu, amevipakata magotini.

"Asiambiwe," akasema. "Kamwe. Asije akaingia nyumbani kwetu na deni la aibu."

Sote tukakubali. Alijaribu kuviokoa. Alivijaza magazeti, akavipaka mafuta ya nyonyo kila jioni kwa wiki tatu, lakini ngozi ilikuwa imekufa, na siku aliyojaribu kuvikunja ikapasuka pale vidole vinapojipinda. Akavipeleka kwa Romanus.

"Mzee! Nani kakufanyia unyama huu?"

"Mvua," akasema mume wangu.

Katika ndoa yetu yote hiyo ni mara moja tu niliyomsikia akisema uongo waziwazi, naye alikuwa mzee wa kanisa. Sikumkemea. Nilikaa kwenye kiti cha kujaribia viatu nikatazama ukutani.

Harusi ilifungwa mwezi wa tisa. Godwin alikuwa akifanya kazi Babati, na katika miezi ile ya kwanza Nalepo aliishi nasi Akheri. Ni mchapakazi, na hapendi kuketi wakati mzee anafanya kazi. Jumamosi moja alasiri Naftali alitandika gazeti lake, naye akaja akachuchumaa kando.

"Baba, nipe nikusaidie. Nilete beseni?"

"Beseni hapana. Kaa, nikufundishe."

Akamwonyesha brashi kavu, kitambaa, vidole viwili, miduara midogo. Mimi nilikuwa dirishani nikichambua mchele, nikatamani ningekuwa na sababu ya kuondoka.

"Na maji, baba, yanaingia saa ngapi?"

"Unyevu wa kitambaa unatosha."

"Sabuni je?"

"Sabuni inaila ngozi."

Nalepo akapaka kwa muda. Kisha vidole vikaanza kwenda polepole.

"Na vikilowa na mvua, mtu anavikausha motoni?"

 Naftali aliinua kiatu kingine akakitazama kisigino. "Kivulini," akasema.

Mkono wa Nalepo ukasimama. Alikuwa ameinamia kiatu, sikuuona uso wake, lakini niliona shingo ilivyokaza.

"Baba. Vile vya kahawia viko wapi?"

"Vilimaliza kazi yake," mume wangu akasema. "Kazi kubwa kuliko viatu vyote nilivyowahi kuvaa. Vinapumzika."

Hakuna aliyeongea tena juu ya jambo hilo, si siku ile wala baadaye. Nalepo alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akajipaka dawa ya viatu shavuni bila kujua. Naftali akaiona, akachukua pembe safi ya kitambaa, akampangusa.

"Endelea, mama," akamwambia. "Hicho cha kushoto hakijang'aa."

Akashika brashi. Nami nikaondoka dirishani nikawaacha.